Alama Arobaini na Boriti ya Mita Sita

Mhadhara kwa wanafunzi wa mwaka wa pili wa uhandisi, wazazi wao na wahandisi walio kazini

Mheshimiwa Mwenyekiti, wahandisi wenzangu, wazazi mliokuja kujionea ada zenu zinakokwenda, na nyinyi vijana mliochagua viti vya karibu na mlango:

Nimeombwa nizungumzie kanuni za kutahini na kutoa alama katika darasa la uhandisi. Najua mada kama hii ikibandikwa ubaoni haimkimbizi mtu kuwahi kiti. Ule mpango wa kozi tunaougawa wiki ya kwanza, wengi wenu mnausoma mahali pamoja tu: jaribio lina alama ngapi, mtihani wa mwisho una ngapi, basi. Kurasa zilizobaki zinafungiwa maandazi. Mimi nadai kwamba kurasa hizo ndizo zinazoamua ni mhandisi wa aina gani atatoka hapa. Nadai pia kwamba sisi walimu tumeziandika vibaya kwa muda mrefu, kwa kuwa tunaruhusu wastani ufanye kazi isiyo yake.

Tuanze na swali moja la mtihani. Boriti ya chuma imelazwa juu ya nguzo mbili zilizoachana mita 6. Juu yake kuna mzigo uliosambaa sawasawa, kilonewtoni 20 kwa kila mita. Chagua boriti inayofaa, mkazo usizidi newtoni 165 kwa milimita mraba. Alama 20. Ni swali la kawaida kabisa, halina mtego. Fomula yake mnaijua: mzigo kwa mita, zidisha kwa urefu, zidisha tena kwa urefu, gawanya kwa nane. Ishirini mara 36 gawanya kwa 8, unapata momenti ya kilonewtoni-mita 90. Igawanye kwa mkazo unaoruhusiwa, utaona boriti inahitaji moduli ya sentimita za ujazo 545 hivi. Fungua jedwali la boriti za Ulaya, unaangukia IPE 300, ambayo kimo chake ni milimita 300.

Sasa mwanafunzi mmoja, kwa haraka, anazidisha urefu mara moja badala ya mbili. Ishirini mara 6 gawanya kwa 8: anapata 15. Kuanzia hapo hakosei tena. Anagawanya vizuri, anapata sentimita za ujazo 91, anafungua jedwali, anachagua IPE 160, anaandika kwa mwandiko wa kupendeza na kupiga mistari miwili chini ya jibu. Mwongozo wa usahihishaji unasema kosa moja lisiadhibiwe mara mbili. Msahihishaji anakata alama 2 na kuandika 18. Asilimia 90, yaani A isiyo na ubishi.

Haya, tuipeleke boriti yake kwenye jengo. Mzigo ule ule ukiikalia, mkazo ndani ya chuma unapita newtoni 800 kwa milimita mraba. Chuma cha kawaida cha ujenzi huanza kusalimu amri kwenye 250 au 275. Boriti hiyo haitapinda kidogo ikatulia. Itakunjika, na sakafu itaifuata. Tumempa A kijana aliyeangusha sakafu, na tumefanya hivyo kwa kufuata kanuni.

Msinielewe vibaya. Sisemi apewe sifuri. Alama za njia zina sababu yake, na sababu hiyo ni nzuri. Chumba cha mtihani kina joto, muda ni saa tatu, na mtahiniwa yuko peke yake. Ofisini hesabu ile ingepitiwa na mhandisi mwingine kabla ya mchoro kupigwa muhuri. Kumnyima mtu kila kitu kwa tarakimu moja ni ukatili usiofundisha chochote. Kinachonisumbua ni jambo jingine: alikuwa na nafasi tatu za kujikamata, akazipita zote, na mwongozo wetu haukumuuliza hata mara moja.

Nafasi ya kwanza ni vizio. Kilonewtoni kwa mita ukizizidisha kwa mita unabaki na kilonewtoni tupu, wakati momenti inataka kilonewtoni-mita. Karatasi yenyewe ilikuwa inampigia kelele. Ya pili ni kanuni ya kienyeji ya mafundi wa chuma: kimo cha boriti ya sakafu kikaribie urefu wake gawanya kwa 20. Milimita 6,000 gawanya kwa 20 ni 300. Ya tatu ni macho. Milimita 160 hazifiki urefu wa kalamu ya risasi mpya. Ukiambiwa kitu chenye kimo hicho kinavuka mita 6 na kubeba tani 12, yafaa mwili wako ukatae kabla akili haijakubali.

Kwa hiyo katika kozi yangu swali la alama 20 lina alama 5 za kile ninachokiita mstari wa ukaguzi. Mwanafunzi anatakiwa, chini ya jibu lake, aandike sentensi moja au mbili za kulipima jibu hilo kwa njia tofauti na aliyolipatia. Yule wa IPE 160 akinyamaza anapata 13. Akiandika, "Kimo ni kidogo mno kwa mita 6, vizio vya momenti yangu haviko sawa, kuna urefu umenitoka na muda umekwisha," anapata 18. Wapo wenzangu wanaoona huu ni upendeleo: jibu ni lile lile, makosa ni yale yale, vipi mmoja azidi kwa alama 5? Kwangu mimi hao ni watu wawili tofauti kabisa. Wa kwanza angepeleka mchoro kiwandani. Wa pili angepiga simu usiku akisema msikate chuma.

Hiyo ni ndani ya swali moja. Tupande ngazi, tuangalie mtihani mzima.

Alama arobaini yetu ya kufaulu ni ya kurithi. Enzi za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kati ya 1963 na 1970, mgawanyo ulikuwa udaktari Makerere, sheria Dar es Salaam, uhandisi Nairobi, kwenye chuo kilichofunguliwa mwaka 1956 kama chuo cha ufundi cha kifalme. Mtanzania aliyetaka kuwa mhandisi nyumbani Afrika Mashariki alifunga sanduku kwenda Kenya. Dar es Salaam ikapata kitivo chake cha uhandisi mwaka 1973, kwa msaada mkubwa wa Wajerumani. Mashine zikaja na maandishi ya Kijerumani, walimu wakaja na tabia za Kijerumani, lakini ngazi ya alama ikabaki na sura ya Uingereza: 40 umevuka, 70 umekaa juu. Mpaka leo Tanzania na Kenya zinaitumia ngazi hiyo, zikitofautiana herufi za katikati na mgawanyo wa alama za kozi na mtihani, ambao kwetu Tanzania mara nyingi ni 40 kwa 60. Ndiyo maana mhitimu wetu akipeleka matokeo yake Marekani inabidi aandamane na barua ya maelezo. Sabini yake ni A, na kule wakiiona 70 wanadhani ni C.

Namba yenyewe haina kosa. Arobaini ya mtihani mgumu inaweza kuzidi 70 ya mtihani laini. Swali langu ni hili: aliyepata 40, zile 60 alizokosa ziko wapi?

Chukueni mtihani wa muundo tunaoupenda: maswali sita, jibu manne. Mwanafunzi mjanja anakusanya madesa ya miaka ya nyuma, anaona nguvu za mkato zinaulizwa kwenye swali la tano na uthabiti wa nguzo kwenye la sita. Anayaacha yote mawili tangu wiki ya tatu ya muhula. Hafungui daftari. Katika maswali manne yaliyobaki anafanya vya kutosha, anapata 52, halafu anajazia na alama za kozi alizozipata kikundini. Kisheria amefaulu somo la miundo. Kwa kweli amefaulu nusu ya boriti. Hajui nguzo inavyoweza kukunjika kabla zege lake halijafikia uwezo, wala kwa nini fundi anafunga ringi karibu karibu pale boriti inapokutana na nguzo.

Jengo halina chaguo la maswali. Kila sehemu inapimwa kwa zamu yake, na sehemu yenye nguvu haiwezi kuikopesha ile dhaifu. Mfano ninaoupenda kuufundisha, ingawa ni wa huzuni, ni hoteli ya Hyatt Regency ya Kansas City, Marekani. Tarehe 17 Julai 1981 njia mbili za juu zilizokatiza ukumbi wa hoteli hiyo zilianguka wakati watu wanacheza dansi. Walikufa watu 114 na zaidi ya 200 wakaumia. Njia hizo zilikuwa zimening'inizwa moja juu ya nyingine. Katika mchoro wa awali, nondo moja ndefu ya chuma ilitoka darini, ikapita kwenye njia ya juu na kushuka mpaka ya chini. Baadaye nondo hiyo ikabadilishwa kuwa mbili fupi: moja kutoka darini hadi njia ya juu, nyingine kutoka njia ya juu hadi ya chini. Mwanafunzi wa mwaka wa pili achore mishale ya nguvu kwenye nati ya njia ya juu, aone kilichotokea. Zamani nati ile ilibeba njia moja. Sasa inabeba mbili. Mzigo umezidishwa mara mbili kwa badiliko linaloonekana dogo kwenye karatasi, na uchunguzi ulikuta kwamba hata muundo wa awali haukufikia nguvu iliyotakiwa na kanuni za ujenzi. Wahandisi waliohusika walipoteza leseni zao katika jimbo la Missouri. Fikirieni idadi ya hesabu sahihi zilizofanywa katika hoteli ile: misingi, nguzo, paa, lifti. Ungezijumlisha na kuzigawanya ungepata wastani mzuri mno.

Na kwetu tunayajua ya kwetu. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua zaidi ya watu 30. Sitajadili hapa nani alikosa nini. Nataja tu ili asiwepo mzazi anayedhani nasimulia mambo ya Marekani.

Jambo la kushangaza ni kwamba hao hao Waingereza waliotuachia 40 wameanza kuikaba. Baraza lao la uhandisi siku hizi linataka shahada inayotambuliwa iwe na mipaka katika kufidia somo kwa somo: krediti zisizozidi 30 tu katika shahada nzima ndizo zinazoweza kufidiwa, alama ya somo linalofidiwa isiwe chini sana ya kufaulu, na mradi mkubwa wa mwisho usifidiwe kabisa. Afrika Kusini, iliyojiunga mwaka 1999 na ule mkataba wa Washington wa mwaka 1989 wa kutambuliana shahada za uhandisi, inadai mhitimu aonyeshe kila sifa moja moja. Wazo ni lile lile: usitujumlishie.

Kwa hiyo, vijana, vizingiti vya kozi yangu ni hivi, na mtavikuta kwenye karatasi. Sehemu ya kwanza ya mtihani ni ya lazima kwa wote, ina maswali mafupi kutoka kila mada, na lazima uvuke sehemu hiyo peke yake. Maabara unaifaulu peke yake. Mtihani wa mwisho unaufaulu peke yake, hata kama alama zako za kozi zimejaa mpaka pomoni. Ukianguka kwenye kizingiti kimoja unakwenda sapu, na sapu yenyewe itahusu kile ulichoanguka. Najua mnavyoiogopa sapu. Ninyi mnaiona njia ya kwenda kudisko. Mimi naiona nafasi ya kulala wiki tatu na daftari la nguvu za mkato, ambalo hukulala nalo muhula mzima.

Nimetaja maabara, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo uongo wa kitaaluma unapofundishwa bila sisi kukusudia.

Jaribio la zege mnalijua. Mnachanganya saruji, mchanga na kokoto, mnajaza michemraba ya milimita 150, mnashindilia, mnaifungua kesho yake, mnaiweka kwenye maji, na siku ya 28 mnaiponda kwenye mashine kuona imebeba nini. Siku ya 28 ikiangukia sikukuu, au umeme ukikatika, au kikundi kikisahau, kunazaliwa namba. Nimeshasoma ripoti ambazo michemraba mitatu yote imetoa newtoni 25.0 kwa milimita mraba, kana kwamba ilikuwa mapacha. Zege halina tabia hiyo. Michemraba mitatu ya mchanganyiko mmoja, iliyojazwa na mtu mmoja asubuhi moja, itatawanyika: mmoja 26, mwingine 23, wa tatu umepasuka pembeni kwa sababu mlishindilia vibaya. Ripoti ikikosa mtawanyiko nauliza picha ya mashine, nauliza daftari la maabara, namwita mtu yeyote wa kikundi asimulie mchemraba ulipasukaje.

Mwanafunzi hudanganya maabara kwa sababu ya mwongozo wetu. Tukitoa alama 6 kati ya 10 kwa "matokeo sahihi", tunamwambia wazi kwamba 25 inalipa na 17 hailipi. Anachofanya ni hesabu ya kawaida ya biashara. Katika kozi yangu matokeo yenyewe hayana alama hata moja. Alama zipo kwenye rekodi, maelezo na sababu. Kikundi kilicholenga 25 kikapata 17, kikaandika kwamba maji yaliongezwa kwa ndoo bila kupimwa kwa kuwa mchanganyiko ulikuwa mgumu kushindilia, kitapata zaidi ya kilicholeta 25 tatu zinazong'aa. Kwanza kimegundua chanzo kimoja kikubwa cha zege bovu katika maeneo mengi ya ujenzi ya nchi hii. Pili kimejizoeza kuandika namba inayouma. Na ikithibitika namba imetungwa, hapo hakuna mjadala wa asilimia. Ni sifuri ya maabara nzima, na suala linakwenda panapohusika.

Kazi ya kikundi nitaipita haraka. Wanaodandia wapo, wamekuwapo tangu enzi, na fomu za kutathminiana hazijawahi kuwakamata, kwa sababu mnaoneana haya. Dawa yangu ni ya kimya: siku ya kutetea kazi, nachagua mimi nani azungumzie ukurasa upi, na alama ya ukurasa huo ni ya kikundi kizima. Mtafundishana wenyewe usiku wa kuamkia.

Kuchelewesha kazi, hali kadhalika. Zabuni ya serikali ikifika baada ya muda wa mwisho hairuhusiwi kushindana, iwe imeandikwa na nani. Mimi ni mpole zaidi ya zabuni: naondoa asilimia 10 kwa kila siku hadi siku ya tatu, kisha mlango unafungwa. Ugonjwa na msiba vina utaratibu wake. Kompyuta mpakato iliyoharibika usiku wa mwisho haina.

Sasa tugeukie upande wangu wa meza, maana mhadhara wa kanuni unaowahusu wanafunzi peke yao una kasoro. Mwaka 1913 watafiti wawili wa Marekani, Starch na Elliott, walichukua karatasi moja ya mwanafunzi ya jiometri, wakaitolea nakala na kuwapelekea walimu wengi wa somo hilo waisahihishe. Karatasi ni moja. Alama zilitofautiana kuanzia 28 hadi 95. Mwaka mmoja nyuma walikuwa wamefanya hivyo kwa karatasi za Kiingereza, watu wakasema bila shaka, lugha ni ladha. Jiometri ilipotoka na pengo kubwa zaidi, hoja ya ladha ikaisha. Tofauti ilitokana na mambo kama yale niliyoyasema mwanzo: huyu anaadhibu kosa lililoburutwa, yule haadhibu, mwingine anakata alama kwa mchoro mchafu.

Ndiyo sababu mwongozo wangu wa usahihishaji unaandikwa kabla ya mtihani kufanyika, unapitiwa na mwenzangu, na tunasahihisha swali la kwanza la wote, kisha la pili la wote, bila kuangalia jina. Mtahini wa nje anapokuja anakuta mwongozo, siyo kumbukumbu zangu. Baada ya matokeo nanyi pia mtapewa.

Kuna walioniomba nitumie mkunjo: kupanga darasa kwa mafungu, wachache juu, wengi katikati, wachache chini, kama alivyopendekeza Max Meyer wa Chuo Kikuu cha Missouri mwaka 1908. Mafungu yake yalikuwa asilimia 3, 22, 50, 22 na 3. Sitafanya. Mkunjo unaniambia wewe ni wa ngapi kati ya wenzako, na boriti ya mita 6 haitajua mlikuwa wangapi darasani. Wote mkifaulu vizingiti, wote mtafaulu, na nitaieleza Bodi ya Mitihani hivyo hivyo. Mkianguka wengi, nitaanza kwa kuutazama mtihani kabla ya kuwatazama nyinyi.

Mzazi mmoja aliniuliza kabla ya kuanza: ukali wote huu wa nini, wakati kijana akitoka hapa bado si mhandisi kamili? Ni kweli. Atasajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, atakaa takriban miaka mitatu chini ya wakubwa wake kazini, ndipo Bodi ya Usajili wa Wahandisi impime kwa usajili wa kitaalamu. Atakula kiapo pia. Ila huko kazini hakuna atakayemuuliza upya uthabiti wa nguzo. Msimamizi wake ataona cheti, ataona B+ ya miundo, na ataamini kwamba nguzo ilikuwa ndani ya ile B+.

Jambo la mwisho ni rufaa, nanyi mmekuwa mkiniandikia kuhusu hilo. Mnazo siku saba baada ya karatasi kurudishwa. Leteni karatasi, mwongozo, na maelezo ya maandishi ya nusu ukurasa yanayoonyesha ni mstari upi wa mwongozo sikuufuata. Kuja ofisini kuniambia umebakiza alama 2 kufika A hakutoshi. Ukileta hoja, nitasoma upya swali zima, siyo mstari wako pekee, na alama inaweza kupanda au kushuka. Wengi wakisikia neno kushuka hurudisha karatasi mkobani. Msirudishe kama hoja mnayo.

Mwenyekiti, nimemaliza. Nipo tayari kwa maswali, na tuanze na wale wa karibu na mlango.